Jiko la Mabati, Nyumba ya Nyasi

Ukitoka Kilosa kwenda Mikumi kwa barabara ya vumbi, ukiingia kijiji cha Ulaya tu, utaona kituko upande wa kulia. Kuna nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi, na nyuma yake kuna jiko dogo lililoezekwa mabati yanayong'aa mpaka yanaumiza macho. Kwingineko mabati humfunika mwenye nyumba, nyasi zikaachiwa vyungu. Hapa mambo yamepinduliwa. Tena ukisimama kidogo utaona moshi unapenya kwenye nyasi za nyumba, na mlango wa jiko umefungwa. Madereva wa malori huwaonyesha utingo wao na kuangua kicheko, na vijana wa gulioni wamempa mwenye nyumba jina la Mzee Kinyume. Wacheke tu, kucheka hakuna kodi. Lakini wangesimuliwa habari za mabati hayo, wangeteremka garini wakavua kofia.

Mwenye nyumba anaitwa Ditram. Alizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge upande wa Kimamba, na baba yake vilevile alizaliwa humo humo. Babu ndiye aliyeletwa kutoka Songea enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda. Mke wake Verdiana naye alikuwa mtoto wa kambi. Wazazi wake walitoka Njombe. Walijuana tangu wakiwa wanagombania zamu ya maji bombani, na walipofunga ndoa hakuna aliyeshangaa.

Watoto wa kambi walikuwa na majivuno yao. Walilala kwenye nyumba za mstari, kuta za matofali, paa la bati, na majiko yamejengwa safu moja huko nyuma, mbali na vitanda. Walipowaona wanavijiji wanakuja kambini macho mekundu na nguo zinanuka moshi, walibana pua na kucheka. Ditram alicheka kuliko wote. Hakuwahi kulala chini ya paa la nyasi hata siku moja, na hakufikiri kuwa siku hiyo itakuja.

Yeye alikuwa fundi wa mashine ya kusaga majani ya mkonge. Verdiana aliwekwa chumba cha brashi, ambako nyuzi za katani husuguliwa mpaka ziwe nyeupe, na vumbi lake hujaa hewani hata mtu wa mbele yako humwoni vizuri. Wanawake walijifunga kanga puani, lakini kanga ni kanga. Kabla hajatimiza miaka thelathini kifua chake kilishaanza kupiga filimbi. Daktari mmoja Kilosa alimsikiliza mgongoni, akamgeukia Ditram.

"Mzee, kifua hiki kimeshachakaa. Vumbi sasa basi. Na moshi usimkaribie kabisa. Moshi ndio utakaommaliza."

Ditram aliyachukua maneno hayo kama amri. Tangu siku hiyo aliamua kwamba mke wake hatavuta moshi tena maishani, na kila alichokifanya baadaye, cha akili na cha ujinga, kilitoka hapo.

Kisha zikaja zile nyakati za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Kilosa yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni, redio, mitumba, na mabati yamepangwa barazani mpaka kichwani. Na shamba, lile lililowalisha wakati maduka hayana hata kiberiti, likafungwa. Mashine zikanyamaza asubuhi moja, wakaambiwa wapishe nyumba za kambi. Zamani ulikuwa na mshahara ukatafuta bati usilione. Sasa bati unaliona kila ukipita, unalisalimia na kwenda zako.

Ditram hakupiga kelele. Alikaa kizingitini pa nyumba ambayo haikuwa yake, mikono imelala mapajani, kwa wiki kadhaa. Wenzake wawili wa mashine walikunywa gongo mpaka wakafa. Verdiana alikuwa anamtazama mumewe na kuogopa. Ndiye aliyekwenda kwa mwenyekiti wa kijijini Ulaya kuomba kiwanja, na ndiye aliyerudi akamwambia, "Baba Letisia, amka. Tumepata mahali. Sasa nijengee nyumba."

Hapo akaamka. Alijenga kwa mikono yake na kwa vitu vilivyotupwa. Miti aliikata milimani, fito zikawa mabua marefu ya maua ya mkonge, na kamba alizisokota mwenyewe kwa katani. Udongo waliukanyaga wote watatu, yeye, Verdiana na binti yao Letisia, aliyekuwa amemaliza darasa la saba. Mlango aliuunga kwa mbao za makasha. Sakafu aliisiriba kwa majivu na kinyesi cha ng'ombe kutoka boma la Lemayan, mfugaji jirani, mpaka ukiitembelea peku unasikia ubaridi mzuri. Kuta zikapakwa udongo mweupe. Paa lilibidi liwe la nyasi, na hilo lilimuuma. "Ni la muda tu," alisema kila mtu aliposimama kutazama. "Mabati yanakuja."

Lakini jambo alilojivunia zaidi lilikuwa jiko. Alilijenga nyuma, mbali, kama yale ya kambini, na madirisha pande zote ili moshi usikae. Ndani ya nyumba hakuna figa, hakuna kijinga cha moto. Hata dari aliweka: alikusanya magunia ya katani, akayafua, akayashona pamoja kwa mshono wake mfupi wa kubana, ule aliokuwa akishonea mikanda ya mashine, akayatandaza juu ya vyumba ili takataka za nyasi zisimwangukie Verdiana. Ulaya nzima ilikuja kuona dari ya magunia. Ditram aliwatembeza wageni kama bwana shamba, kichwa juu, na Verdiana alisimama pembeni akimtazama yeye kuliko dari.

Bibi Agnesi, jirani yao, mzaliwa wa hapo hapo, naye alikuja. Alitazama huku na huku.

"Shikamoo, Bibi," Ditram alisema.

"Marahaba. Nyumba nzuri. Moto unawasha wapi?"

"Jikoni, Bibi. Humu ndani moshi hauingii."

Bibi Agnesi akacheka mpaka akashika ubavu. "Basi paa lako litaliwa, mwanangu. Nyasi na miti isiyopigwa moshi ni chakula cha wadudu. Washa moto humu ndani."

"Bibi, mambo hayo ni ya zamani," Ditram akasema kwa adabu, na Bibi alipoondoka akamwambia mkewe, "Watu hawa wamezoea kuishi kama nyama ya kubanikwa." Verdiana hakucheka.

Ndilo kosa lenyewe, na ni la mtoto wa kambi. Mwanakijiji yeyote wa Ulaya asingelifanya. Lakini msiharakishe kumlaumu. Bibi Agnesi alisema kweli, na daktari naye alisema kweli, na Ditram alikuwa na mke mmoja.

Masika ya kwanza paa lilishika. Ya pili likaanza kunyong'onyea. Kiangazi kilichofuata, Verdiana alipolala mchana alisikia juu ya dari sauti ya kutafuna, ndogo, isiyokoma, na magunia yakaanza kulegea kwa uzito wa unga wa mti. Ditram alifungua mshono mmoja, unga ukamwagika, na Verdiana akakohoa mpaka jioni. Makombamoyo, ile miti inayobeba nyasi, yalikuwa yamebunguliwa. Ukiligonga moja kwa kidole linaitika kama debe tupu.

Alichukua baiskeli mpaka Mikumi, kwenye maegesho ya malori, akaomba oili chafu kwa mafundi, akarudi na dumu limefungwa nyuma. Alipaka miti kote alikofikia. Kule juu, kwenye mwamba, ule mti mkuu wa katikati ya paa, mkono haukufika. Ndipo akafanya uamuzi: atakwenda Ruhembe kukata miwa msimu mzima, na atarudi na mabati.

"Paa likianguka kabla sijarudi?" alimuuliza mkewe.

"Haliwezi kuanguka," Verdiana alisema. "Nenda. Mimi na Letisia tutaliangalia."

Ruhembe ilimpokea kwa masizi. Miwa huchomwa kabla ya kukatwa, na wakataji hutoka shambani weusi kuanzia nywele mpaka kucha, na pua zao hazitambui tena harufu ya moshi. Ditram hakuwa kijana tena, na panga la miwa lilimfundisha maumivu ambayo mashine haikuwahi kumfundisha. Alivumilia. Kila alipoinama aliliona paa la mabati, na chini yake Verdiana amelala anapumua kwa utulivu. Ndoto yake yote ilikuwa hiyo, wala haikuwa kubwa.

Alikuja nyumbani mara chache msimu ule, kwa baiskeli, akituma salamu kwanza kwa madereva ili ajulikane anakuja. Mara ya kwanza aliporudi alisimama katikati ya nyumba akasikiliza. Kimya. Hakuna anayetafuna. Magunia yamekaza, hayana unga. Akapiga makofi.

"Oili, Mama Letisia! Umeona? Oili imewaua wote!"

"Wewe ni fundi," Verdiana akasema, akicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu.

"Na kifua?"

"Ni vumbi la kiangazi. Kitatulia."

Aliona pia kuwa kuta zimepakwa upya, nyeupe kama siku ya kwanza. Kila aliporudi zilikuwa zimepakwa upya. Alidhani mkewe anaipenda nyumba, na hilo likamfurahisha barabara nzima ya kurudi Ruhembe. Bibi Agnesi alipita siku moja akamkuta Ditram anawaeleza majirani habari za oili chafu, namna ya kuichemsha na namna ya kuipaka. Bibi akafungua mdomo kusema kitu. Verdiana, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, akamtazama tu. Bibi akaufunga mdomo, akaaga, akaenda zake.

Msimu ulipokwisha Ditram alirudi juu ya trekta, amekaa juu ya mabati yake kama bwana harusi. Verdiana alitoka nje ameshika ukuta. Alikuwa amekonda mno. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka kwa kila pumzi, kama mtu aliyekimbia, na alikuwa hajakimbia popote. Alinyoosha mkono akaligonga bati la juu.

"Yana kelele mabati yako," alisema. "Mvua ikinyesha hatutasikilizana."

"Tutapiga kelele," Ditram akajibu, na furaha yote ikamtoka alipoishika mikono ya mkewe.

Alimpeleka Kilosa, hospitali. Walimpa dawa na sindano, wakamrudisha. Majirani walimwuliza Ditram mbona haezeki, vuli imekaribia na mabati yameegemezwa ukutani. Aliwajibu kwamba kuezua nyasi kuna vumbi, na nyundo ina kelele, na mke wake anahitaji hewa safi. Akipata nafuu kidogo, ataezeka. Basi mabati yakangoja, na Ditram akangoja, akimpepea kwa mfuniko wa sufuria mchana kutwa. Verdiana hakupata nafuu. Alikufa asubuhi, mvua ya kwanza ya vuli inanyesha, chini ya paa la nyasi lisilovuja hata tone.

Walimzika upande wa makaburi ya kanisa. Ditram hakulia mbele za watu. Alichimba yeye mwenyewe, wakamnyang'anya jembe, akalichukua tena.

Arobaini ilipopita na wageni wakatawanyika, alipanda juu ya meza kuanza kazi. Alitaka kuezeka hata kama aliyekusudiwa hayupo, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya na mikono yake. Ilibidi kwanza aishushe dari. Akachukua kisu, akatafuta mshono wa katikati, na mkono ukasita. Mshono haukuwa wake. Wake ulikuwa mfupi, wa kubana. Huu ulikuwa mrefu, wa mlazo, mshono wa mwanamke anayetia kiraka kanga, na matundu ya sindano yalikuwa mengi, mstari juu ya mstari. Magunia yalikuwa yamefunguliwa na kushonwa, yakafunguliwa na kushonwa.

Akaukata. Magunia yakaanguka, na harufu ikamjia usoni kabla macho hayajazoea giza. Moshi. Makombamoyo yote yalikuwa meusi ti, yanang'aa kwa masizi, magumu. Aligonga moja kwa kidole, likaitika kama mti mzima. Mwamba wa juu, ambako oili yake haikufika, ulikuwa mweusi kuliko yote. Alipoushusha mkono wake, ulikuwa umechafuka kama mkono wa mkata miwa.

"Letisia!"

Binti alikuja, akaona dari imefunguka, akakaa chini sakafuni palepale.

"Ni nani aliyewasha moto humu ndani?"

"Mama." Letisia akaanza kulia. "Aliniapisha, Baba. Ulipoondoka tu alikwenda kwa Bibi Agnesi akamwuliza ni moto wa namna gani. Bibi akamwambia wa kuni mbichi, kila siku. Tulifumua dari, tukawasha kwenye lile karai bovu ili sakafu isipate alama. Nilimwambia, Mama, wewe kaa nje, nitakaa mimi. Akakataa. Akasema mimi bado nina kifua changu kizima nikitunze. Alinifukuza nje, akafunga mlango, nikawa namsikia anakohoa. Ukituma salamu kwamba unakuja, tunashona, tunapaka kuta."

"Kwa nini?" Ditram alisema. "Paa lingeanguka, lianguke! Ningejenga jingine!"

"Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema, baba yako walimfungia shamba akakaa kizingitini, nikamwona anakufa huku amekaa. Sasa anatembea kichwa juu kwa sababu ya nyumba hii. Akirudi akaikuta chini, hatanyanyuka tena. Akasema atavumilia mpaka mabati yafike, kisha hatawasha tena."

Ditram aliteremka mezani. Alitoka moja kwa moja mpaka kwa Bibi Agnesi, hajanawa mikono, hajui amekwenda kupiga au kutukana. Bibi alikuwa anapepeta mpunga. Aliiona ile mikono, akauweka ungo chini.

"Alikuja akaniuliza namna ya kuokoa paa, nikamwambia," alisema. "Kikohozi alisema ni mafua. Nilipojua sivyo, alinisihi ninyamaze. Siku ile ya oili zako nilitaka kusema, mwanangu. Alinitazama, nikashindwa."

Hapakuwa na wa kupigwa. Ditram alirudi nyumbani, akalala kifudifudi kwenye sakafu ile baridi, akamlilia mkewe kwa sauti, mbele ya barabara na mlango wazi.

Majirani walikuja na ngazi, wakajitolea kumsaidia kuezeka. Akawaambia waende jikoni. Walidhani msiba umemchanganya. "Jiko nilimjengea yeye asivute moshi," aliwaambia, "na mabati niliyaleta kwa ajili yake. Yawekeni huko. Paa la nyumba msiliguse. Hilo limejaa pumzi yake, mnataka niling'oe nikalitupe wapi?" Wakaezeka jiko, wakitazamana. Tangu hapo hakuna aliyepika humo. Amelifagia, amelifunga, na ufunguo uko shingoni mwake pamoja na rozari.

Letisia ameolewa Kisanga. Akija huleta mchele na kumsihi ahame, au angalau aache moto ule, maana sasa na yeye baba mtu ameanza kukohoa. Ditram humsikiliza kwa upole, humwuliza habari za wajukuu, na ikifika saa ya moto humwambia atoke nje akakae kivulini. Anafunga mlango. Anafumua dari, anaweka kuni mbichi kwenye karai bovu, anakaa mahali Verdiana alipokuwa akikaa, na kukohoa mpaka kuni ziishe. Kisha anapanda juu ya meza na sindano yake ya magunia, na kuishona dari tena, kwa ule mshono mrefu wa mlazo, ambao ilimchukua muda kuuweza.